Vidonge Alivyoonja Mama Shabani

Shangazi Zuhura alipokufa, wanawake wa mtaa wetu wa Rumonge walijaa nyumbani wakamsifu mchana kutwa. Alikuwa mtu wa watu, walisema. Alikuwa na huruma. Aliwalea watoto wa kaka yake kana kwamba amewazaa yeye. Nilikaa mkekani katikati yao, chai ikinipolea mkononi, na nilipoombwa nami niseme neno nilisema kichwa kinaniuma. Hakikuniuma hata kidogo. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya zamani, niliyokua nayo tangu sijang'oa meno yote ya utoto. Wananiambia marehemu hasemwi vibaya. Sawa, simsemi marehemu. Namsema Shangazi alipokuwa na nguvu zake, amejifunga kanga kiunoni, wakati ambao kila ninayemtaja hapa alikuwa bado anapumua.

Mama yetu alifariki nikiwa sijajua hata kusema, kwa hiyo sina ninachomkumbuka nacho. Baba alikuwa fundi cherehani, hodari wa kukata nguo na mwoga wa kukata shauri. Shangazi alikuja kutulea, akaishika nyumba, akamshika na Baba mwenyewe. Lakini aliyenilea hasa ni Dada Sakina, mkubwa wangu. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenitafunia karanga meno ya mbele yalipong'oka. Alipoolewa huko Magara na kijana mvuvi aitwaye Shabani, nililia mpaka nikatapika, na Shangazi akanizaba kibao kwa kuwaharibia watu sherehe.

Vita vilikuwa vimekwisha kutufikia. Milio ilitoka milimani, wakati mwingine mbali, wakati mwingine nyuma ya michikichi pale pale, na sisi watoto tulijua kutofautisha bunduki na bomu kama watoto wengine wanavyojua ndege. Jeshi likakataza watu kuingia ziwani usiku. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo aliyekataza usiku alikataza chakula. Shabani akavuka na wenzake kwenda upande wa Kigoma kutafuta kazi ya nyavu, na njia ya kurudi ikafungwa nyuma yake. Dada akabaki Magara na mama mkwe.

Siku moja mchana kamyo, lori la samaki, ilisimama mbele ya nyumba yetu. Akashuka mwanamke mnene, mrefu, ananuka ndagala kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili, na mgongoni amembeba mtu mzima. Nilidhani ni mtoto wake. Alikuwa Dada Sakina. Miguu ilikuwa imekonda hata magoti yakaonekana makubwa kuliko mapaja, na midomo ilikuwa na vidonda. Alinitazama akajaribu kucheka, kisha akashika tumbo akaomba apelekwe chooni.

"Amahoro," alisema yule mwanamke, akihema. "Mimi ni Mama Shabani. Mutoto wenu iko mugonjwa, nimeona haifai afichwe na wazazi wasijue."

Shangazi hakuitikia. Alimwangalia kuanzia juu hadi chini, akaangalia mikono yake, akatema mate pembeni.

Uamuzi ulikuwa umekwisha kutolewa kabla ya Dada kurudi kutoka chooni. Sakina aliondoka kwetu mzima, amenawiri, akaenda kula mikononi mwa watu, na sasa amerudi mifupa. Anaharisha damu, anakula hashibi, tumbo linamkata upande wa kulia kila akimeza. Kwetu mwambao huo jambo hili lina jina: karuho, sumu ya kutiwa chakulani, ambayo haiui mara moja bali hula mtu polepole mpaka aishe. Watu waliovuka kutoka Kongo walikuja nalo neno hilo, na wenyeji walilipokea kama waliokuwa wakilingoja. Katika miaka ile ya kuogopana lilipata mashabiki wengi. Huwezi kumshika aliyekupigia risasi kutoka mlimani, lakini jirani aliyekupikia unamjua kwa jina.

"Huyu amelishwa kitu," Shangazi alimwambia Baba, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Na aliyemulisha amemuleta mwenyewe, aone kama kazi imeisha."

Mama Shabani alikuwa anakunywa maji. Aliweka kikombe chini taratibu. "Zuhura, mimi niko na mikono ya samaki. Siko na mikono ya sumu. Mutoto wangu wa kiume hayupo, huyu ndiye mutoto niliyebaki naye. Nitamupeleka Buja ku dogiteri. Mukitaka muje, mukitaka mubaki."

Baba alikanyaga cherehani kwa muda mrefu bila kitambaa ndani yake. Mwishowe alisema waende. Yeye asingeweza, maana mwanaume kwenye barabara ile alishushwa kila bariyeri ya askari na wengine hawakupandishwa tena. Mama Shabani akasema anichukue mimi, kwa sababu askari huwa na haya kidogo wakiona mtoto. Hivyo ndivyo nilivyokwenda Bujumbura mara ya kwanza, nimekaa juu ya magunia ya ndagala, nimeshika kanga ya dada yangu.

Hospitali ile naikumbuka kwa harufu ya dawa ya kufulia na watu waliolala korido nzima. Walimchukua Dada damu, wakachukua choo chake, wakampiga picha ya kifua, wakamwambia akohoe kwenye kikopo. Siku nyingine wakampa bilauri ya kitu cheupe, kizito kama chokaa ya ukutani. Nilishangaa sana, si kwa rangi yake, bali kwa sababu muuguzi alimpa tu anywe. Kwetu, ukimpa mtu cha kunywa, unaonja wewe kwanza mbele ya macho yake. Ni adabu, haina ubaya. Mgeni anaona kuwa kilichomo ni salama, mnacheka, mnaendelea. Yule muuguzi hakuonja. Nilimshika Dada mkono nikamwambia asinywe. Mama Shabani akaniondoa, akachovya kidole kwenye ile chokaa, akalamba, akakunja uso. "Mbaya, lakini iko sawa," alisema. Dada akanywa.

Majibu tulipewa na daktari mmoja kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakuwa na chumba. Alituketisha kwenye benchi la korido, watu wakitusikiliza pande zote mbili. Alianza kwa Kifaransa, Mama Shabani akamkatiza.

"Dogiteri, sisi ni watu wa samaki. Sema Kiswahili."

"Sawa, mama. Tumetafuta amiba, hakuna. Minyoo, hakuna. Tifoide, hakuna. Kifua kikuu tumekitafuta sana, maana nacho kinaweza kukaa ku tumbo na kufanana na hii. Hatukukiona." Akainua picha kubwa nyeusi mbele ya dirisha. Ndani yake ile chokaa ilionekana nyeupe, inapindapinda. "Huu ni utumbo. Huku juu ni mupana. Hapa mwisho wa utumbo mudogo, unaona? Umekuwa mwembamba kama kamba. Umevimba ndani, una vidonda. Ugonjwa huu unaitwa maladi ya Kroni. Kwetu hapa ni wachache wanaujua."

"Nani alimupa?" Mama Shabani aliuliza haraka, na leo najua ni kwa nini aliuliza hivyo.

"Hakuna aliyemupa, mama. Siyo sumu, siyo chakula. Ni mwili wake mwenyewe. Mwili iko na askari wake, kazi yao ni kufukuza vidudu. Kwake hao askari wamegeuka, wanapiga raia wao."

Mzee aliyekuwa karibu alisimama akaenda kukaa kwingine. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake. Daktari akatazama kulia na kushoto, akakohoa.

"Askari wa mwili, nasema. Ma-globules. Nasema ma-globules, chembe za damu."

Kisha akasema kwa sauti ya chini kuwa hakuna dawa ya kumaliza ugonjwa ule, ila kuna njia mbili za kuushika. Ya kwanza ni vidonge vya kortizoni, kila siku asubuhi baada ya kula, kupunguza uvimbe. Vitamrudishia hamu ya chakula, vitamvimbisha mashavu, asiogope. Vikimsaidia, daktari mwenyewe atavipunguza kidogo kidogo. Ya pili ni kupasua, kukata kile kipande kibovu na kuunganisha. Angependa waanze na vidonge. Lakini tumbo likijaa, akawa anatapika na choo hakipiti, basi utumbo umefunga na hakuna cha kungoja tena, aletwe akatwe.

"Nitazaa?" Dada aliuliza. Lilikuwa swali lake pekee.

"Ukitulia ugonjwa, utazaa vizuri." Akamtazama Mama Shabani. "Na hivi vidonge haviachwi ghafla. Mwili ukizoea kupewa, unasahau kujitengenezea kile ulichokuwa unatengeneza. Ukimunyima ghafla, anaweza kuanguka akafa. Barabara siyo ya kuamini, kwa hiyo nawapa vingi. Mulinde."

Sote watatu tulisikia maneno hayo, na sote tulidhani yanamhusu mgonjwa peke yake.

Mimi nilikuwa na wazo langu. Nilikuwa nimeelewa kabisa: Dada ana askari tumboni. Askari walioasi. Niliona jinsi walivyoingia, wadogo kama siafu, na kofia zao, na sasa wamejificha katika ule utumbo mwembamba wakipiga raia. Niliona aibu kwa ajili yake. Na kamyo ilipofika bariyeri ya Gitaza, askari wa kweli akapanda akaona bahasha kubwa yenye ile picha, nikajua tumekwisha.

"Ni nini humu?"

"Ni foto ya tumbo, shefu," Mama Shabani alijibu.

Askari aliitoa akaiinua juani, ziwa likiwa nyuma yake. Aliitazama kwa makini, akasogeza uso, akaigeuza. Mkojo ulinitoka ukapita kwenye gunia la watu. Nilikuwa nangoja awaone wenzake mle ndani, aite mkubwa wake, wamfungue Dada wawatoe.

"Mwembamba," alisema mwishowe. "Mumupe chakula." Akairudisha, akatupigia mkono tupite. Nilimwambia Mungu asante kwa kuwaficha wale wadogo.

Nyumbani Shangazi hakumuuliza Mama Shabani kitu, wala hakumuuliza Dada, aliyesema mapema kuwa daktari amekataa habari ya sumu. Aliyelishwa husema anachotaka aliyemlisha, ndivyo Shangazi alivyoona. Aliniita mimi uani, akanipa ndizi, akachuchumaa.

"Wewe mutoto huna uongo. Dogiteri alisema nini?"

"Alisema Dada iko na askari ndani ya tumbo. Wanampiga."

"Wametumwa na nani?"

"Sijui. Alisema wamegeuka."

Shangazi alisimama polepole, uso umemng'aa kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Alichukua ile picha akaionyesha jirani kwa jirani. "Muone wenyewe, karuho imejikunja humo. Hata mashine ya wazungu imeiona." Watu wamewahi kuniuliza kama najilaumu kwa maneno yale. Sijilaumu hata kidogo. Nilikuwa na meno manne ya juu yaliyong'oka na ndizi mkononi. Watu wazima walikuwa na masikio, na Dada yangu alikuwa na ulimi, aliusema ukweli ule ule kila siku kwenye chumba cha pili, na hakuna aliyekwenda kumsikiliza.

Sasa ikaja habari ya vidonge. Shangazi alivichukua vyote akavifungia sandukuni, ufunguo kiunoni. Alimwambia Baba kuwa dawa iliyopita mikononi mwa mwanamke yule haitamezwa na Sakina mpaka yule mwanamke aimeze kwanza. Si ndiyo desturi? Si kila anayetoa huonja? Mama Shabani akasema sawa, akachukua kidonge kimoja akakimeza.

"Vyote," Shangazi alisema. "Anavyomeza yeye, na wewe umeze hivyo hivyo. Sumu inaweza kuwa ndani ya kimoja tu. Na kesho tena. Ya leo siyo ya kesho."

Mama Shabani alimgeukia Baba. Baba alikuwa anatafuta sindano sakafuni, sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Basi akahamia kwetu. Aliiacha biashara yake Magara, akalala jikoni karibu na mafiga, na kila asubuhi baada ya uji aliitwa sebuleni kama mwizi. Shangazi alihesabu vidonge kiganjani mwake. Mama Shabani alimeza, akanywa maji. "Fungua. Inua ulimi. Huku." Shangazi alichungulia kinywa cha mwanamke mzima mwenye mkamwana kama anavyochungulia mdomo wa mbuzi wa kununua. Ndipo Dada alipopewa vyake.

"Mama, usikubali," Dada alimwambia siku moja. Tulikuwa tumebaki sisi watatu.

"Nikikataa mimi, na wewe hutapewa," Mama Shabani alijibu, akimpaka mafuta ya mawese kwenye nyayo zilizopasuka. "Shabani akirudi nimwambie nini? Kwamba niliona uchungu kufungua mudomo?"

Na vidonge vilifanya kazi. Nasema hivi kwa uchungu, maana ni ukweli. Damu ilikauka, Dada akaanza kuomba uji wa pili, kisha wali, kisha samaki aina ya mukeke akachambuliwa miiba na Mama Shabani. Mashavu yakajaa, kama daktari alivyosema. Akawa wa duara, anang'aa, tukamtania kuwa amemeza sahani. Nilianza kuamini kuwa askari wamerudi kambini.

Lakini na mashavu ya Mama Shabani yakajaa. Alikuwa mnene tayari. Sasa uso wake ukavimba mpaka macho yakawa madogo, shingo ikaongezeka nyama nyuma. Mtu mwenye akili angetazama nyuso mbili zinazovimba namna moja, akajua zinavimbishwa na kitu kimoja. Shangazi alizitazama akasema sumu inamrudia mwenyewe. Sakina anapona, yule anavimba: imehama. Alisema hivyo sokoni, msikitini kwenye upande wa wanawake, na kwenye kisima. Watoto wenzangu wakaacha kukaa karibu na Mama Shabani. Mimi sikuacha, kwa sababu alikuwa na mapaja mazuri ya kulalia, na kwa sababu Shangazi alinikataza.

Vidonge vilivyotolewa vitoshe mpaka barabara itulie vikadumu nusu tu ya muda huo, kwani vilikuwa vinalisha vinywa viwili. Mama Shabani alikuwa wa kwanza kuliona hilo. Alimwomba Shangazi amruhusu aonje kimoja tu, au nusu, au alambe. Shangazi akamuuliza kwa nini anaogopa. Siku sanduku lilipofunguliwa likawa tupu, magari yalikuwa yamesimama. Kulipigwa risasi kati ya Magara na Gitaza, na hakuna aliyethubutu kupita.

Dada alianza kwa kulegea. Kisha maumivu yakarudi upande ule ule, tumbo likajaa likawa gumu, akatapika kila kitu hata maji. Choo hakikupita. Mama Shabani naye alikuwa hoi, kizunguzungu, anashika ukuta akienda uani, lakini nani alimtazama? Shangazi alisema anaigiza.

"Utumbo umefunga," Mama Shabani alimwambia Baba. "Dogiteri alisema ukifunga ni kukata. Tafuta gari."

Shangazi alikuwa ametafuta mganga. Alitoka Kigwena, mzee msafi mwenye kofia ya kufuma, na kibuyu cha dawa ya kutapisha karuho. Ilinuka kama majani yaliyooza ndani ya mafuta. Alimwinua Dada kichwa akamwekea kibuyu mdomoni. Mtu ambaye utumbo wake umeziba, ametapika siku nzima mpaka nyongo, anapewa dawa ya kutapisha.

Dada aliusukuma mkono wake. Sauti ilikuwa imemwisha, lakini tuliisikia sote.

"Onja wewe kwanza."

Mzee akacheka kidogo. "Hii hainywewi na muzima, mwanangu. Ukiinywa utatapika roho."

"Ni desturi. Onja."

Mganga akamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama mganga. Baba, ambaye maisha yake yote sikuwahi kumwona akifanya jambo la haraka, alinyanyuka kwenye cherehani, akakichukua kile kibuyu mkononi mwa mzee, akakimwaga kizingitini. Alitoka bila viatu, akaenda kusimama mbele ya kambi ya askari mpaka wakakubali kumpakia binti yake kwenye gari lao lililokuwa linapeleka majeruhi Bujumbura. Nafasi ya kumsindikiza ilikuwa ya mtu mmoja. Dada alisema jina la Mama Shabani.

Walimkata. Walitoa kipande cha utumbo, wakaunganisha, na Dada yangu akaishi. Daktari alimwambia kuwa ugonjwa haujatoka, unaweza kurudi mahali pengine, na akampa vidonge vya aina nyingine, vya rangi ya njano, vya kutunza utumbo uliobaki. Mama Shabani alimuuguza sakafuni pale pale, akamwosha, akamgeuza, na barabara ilipofunguka akashuka Magara kutengeneza nyumba ili amkaribishe mkamwana wake.

Huko akashikwa na malaria. Malaria ya kawaida, ambayo sisi sote tuliipata tukatetemeka tukapona. Yeye hakupambana nayo. Jirani zake walisema alilala mchana akawa baridi, akaitwa hakuitika. Habari ilipofika kwetu Shangazi aliinua mikono. "Imemumaliza mwenyewe," alisema. Watu wakatikisa vichwa. Wako wanaosema hivyo hadi leo.

Dada alirudi hospitali kuangaliwa kidonda. Yule daktari aliuliza habari za mama mnene. Dada akamweleza yote, kuonja, kufungua mdomo, mashavu, sanduku tupu. Alituambia kuwa daktari aliweka kalamu chini, akafunika uso kwa mikono miwili. Ndipo alipomfafanulia tena lile neno la kutoacha ghafla: mwili uliozoeshwa kortizoni kisha ukanyimwa hauna nguvu ya kusimama mbele ya homa, uwe wa mgonjwa au wa mzima.

Dada alikuja Rumonge kutuambia. Alisimama sebuleni, hakukaa, mkono mmoja juu ya kidonda. Aliyasema polepole, kwa Kiswahili chepesi, kama daktari alivyomwambia yeye, ili asiwepo wa kusingizia kuwa hakuelewa. Baba alikuwa analia waziwazi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mdomo kwa pembe ya kanga.

"Basi ile dawa ndiyo ilikuwa sumu," alisema. "Si niliwaambia? Na hiyo ya njano uliyoshika uitupe. Leta hapa."

Akanyoosha mkono.

Dada alifungua kifuko. Alitoa kidonge kimoja cha njano, akakiinua tukione sote, Baba, mimi, na ule mkono uliokuwa bado unangoja. Akakiweka juu ya ulimi, akakimeza bila maji. Kisha akamsogelea Shangazi, akafungua kinywa wazi, akainua ulimi, akamgeuzia huku na huku, akakaa hivyo, hafungi, mpaka Shangazi mwenyewe akaangalia pembeni.